Ukipata nyumba Mji Mkongwe, anza juu ya paa

Mwezi uliopita mtoto wa ami yangu kanipigia simu kutoka Wete. Kapata nyumba Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Unguja, jirani na kwangu: ghorofa moja, ua wa ndani, mlango wa nakshi, na kodi anaiweza. Dalali anataka miezi sita, siku ile ile. Nikamuuliza, "Umepanda juu?" Hakupanda. "Basi usitoe hata shilingi mpaka twende pamoja."

Tulikwenda, na haya ndiyo niliyomwonesha. Nayaandika kwa kila anayetaka kuhamia huku. Mimi ni mshoni, nipo Kiponda tangu 2006: cherehani yangu iko chini kwenye chumba cha mbele, na juu ndipo tunapolala. Mji huu naupenda sana. Nyumba zake hazitaki mtu wa pupa.

Usende kuitazama nyumba siku ya jua kali. Wakati wa kaskazi kuta zote hukauka na kila nyumba huonekana nzima. Nenda masika, baina ya Machi na Mei, na ukiweza nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku. Panda moja kwa moja mpaka juu. Tazama pale bati linapokutana na ukuta, maana maji hupenya hapo kabla ya pengine popote. Kisha tazama mlizamu, ule mfereji unaotoa maji ya mvua kwenye paa: unayatupa maji mbali, au maji yanateremka na ukuta? Ukiona mstari wa kijani chini ya mlizamu, ukuta huo umekuwa ukinywa maji miaka. Tazama na miche. Ndege wanaangusha mbegu za mtini kwenye nyufa, mche unaota. Ukiwa mdogo kama kidole utaung'oa kwa mkono na mzizi wake. Ukiukata tu, unachipua tena; ukiuacha, mizizi inaingia baina ya mawe, na siku ya kuutoa utatoka na kipande cha ukuta.

Kutoka juu shuka ukitazama dari. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: upana wake unafuata urefu wa boriti, kiasi cha mita tatu. Boriti huoza kuanzia ncha, pale ilipoingia ukutani, kwa sababu unyevu umekaa humo. Usidanganyike na katikati yake. Panda ngazi, gonga karibu na ukuta, sikiliza. Nzima inalia kavu, mbovu inajibu kwa sauti ya pamba. Sukuma ncha ya bisibisi. Ikizama bila ya nguvu, boriti hiyo imekwisha. Kwenye nyumba ya ndugu yangu tulikuta mbili za namna hiyo, zote chini ya tangi la maji.

Tangi hili nalisema kila siku na watu hawanisikii. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Waliojenga nyumba hizi hawakuweka hesabu ya tani moja kusimama juu ya miti ya mkoko katikati ya chumba. Liweke chini uani upandishe maji kwa pampu kwenye tangi dogo, na hilo dogo likae juu ya ukuta mnene. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, jengo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, na watu wakafa. Likiwa jengo kubwa kama lile linaanguka, nyumba ya kupanga tuichunge zaidi.

Sasa kuta, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe.

Mwaka 2011 ukuta wa chumba changu cha cherehani ulianza kuchanua chumvi. Plasta ya chini ilikuwa inapukutika juu ya vitambaa vya watu. Nikamwita fundi wa nyumba za matofali, akapiga saruji mpaka usawa wa kiuno, akasugua ikawa laini kama kioo. Nilifurahi mwaka mzima. Masika iliyofuata unyevu ukatokea juu ya saruji, ukapanda mpaka kwenye ngazi. Kisha bi mkubwa wa nyumba ya pili akaniita. Hakunigombeza. Alinishika mkono akaniweka kitandani kwake, akasema, "Mwanangu, shika ukuta huu." Ulikuwa umerowa. Godoro lake lilikuwa na ukungu upande mzima. Ukuta ule ni mmoja, upande wangu na upande wake, na maji niliyoyazuia kutoka kwangu yalikwenda kutokea kwake.

Mzee mmoja fundi wa chokaa ndiye aliyetusaidia, naye alinieleza taratibu. Jiwe la matumbawe lina chumvi na linavuta maji kutoka ardhini. Chokaa inayaachia maji yale yatoke yakauke kwa upepo. Saruji inayafungia, nayo yanatafuta njia nyengine, yanapanda au yanahamia upande wa pili. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo siku ikibanduka inabanduka na jiwe. Tuliibandua yote, pande zote mbili, gharama juu yangu. Ukuta tukauacha wazi miezi ukakauka.

Ukitaka kupiga plasta ya chokaa, anza mapema kabla hujaihitaji. Chokaa iliyochomwa inazimwa kwa maji shimoni na inaachwa humo ikiwa imerowa, kwa wiki nyingi. Mzee wangu alikataa kuigusa kabla ya miezi mitatu. Kipimo chake kilikuwa chokaa moja kwa mchanga mitatu, mchanga uliooshwa usiwe na chumvi ya pwani. Lowesha ukuta kwanza. Piga safu nyembamba, ingoje ishike, ndipo upige nyengine. Tundika magunia yaliyorowa mbele yake jua lisiikaushe kwa haraka, maana chokaa iliyokauka kwa haraka inapasuka na kuwa unga. Ni kazi ya subira. Ukuta wangu ule mpaka leo nimeshaupaka chokaa tu, sijaugusa kwa jengine.

Kabla ya kugusa chochote, uliza nyumba ni ya nani. Dalali si mwenyewe. Nyumba za huku nyengine ni za watu, nyengine za serikali, na nyengine ni za wakfu, ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kila mmoja ana utaratibu wake wa mkataba na wa matengenezo. Juu ya hapo Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadilisha dirisha, paa au mlango kunataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Omba kibali kwanza. Ukibomoa kwanza, utalipa mara mbili.

Kuhamia kwenyewe: gari haifiki. Itasimama Darajani au Malindi, na kutoka hapo ni hamali na rikwama lake, yaani mkokoteni. Pima upana wa ngazi pale inapokata kona, kisha pima kabati lako. Kitanda kiwe cha kufunguliwa. Tuliwahi kupandisha jokofu kwa kamba kupitia dirishani, na sikutakii kazi hiyo.

Maji na umeme, weka akiba. Walioishi Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya giza. Pampu zote zilikufa. Nyumba zenye kisima uani ndizo zilizotunywesha mtaa mzima. Kwa hiyo ukikuta kisima usikifukie kupata nafasi ya kuanikia nguo. Kifunike vizuri watoto wasiingie, na weka ndoo na kamba. Joto halihitaji mashine kama unajua kulitawala: mchana wa kaskazi funga madirisha ya mbao yanayoelekea jua, magharibi fungua yote, na mlango wa uani uwe wazi. Ukuta mnene unakufanyia kazi iliyobaki.

Siku ya kwanza nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na kitambulisho chako ukajiandikishe. Siku hiyo hiyo zunguka nyumba zinazogusana na yako, zote, na ya nyuma pia. Piga hodi, toa salamu, sema wewe ni nani na watoto wa nani. Usingoje waje wao. Wazee wanaokaa kwenye baraza lako jioni usiwaondoe, hata kama kodi ni yako. Walikuwepo hapo kabla yako, na ndio wanaokulindia mlango ukiwa kazini. Wapelekee kahawa.

Na kichochoro kiache wazi. Pikipiki, mafuko ya mchanga wa fundi, madumu, vyote viingie ndani ifikapo jioni. Kipimo nilichofundishwa na bi mkubwa wa nyumba ya pili ni hiki: jeneza lililobebwa mabegani lipite bila ya mtu kulazimika kugeuka ubavu. Mwaka aliofariki yeye, jeneza lake lilipita mbele ya mlango wangu kwa raha, na wageni wa matanga tuliwatandikia majamvi kwangu, chumba cha cherehani, mgongo wao kwenye ukuta ule ule.

Ndugu yangu hakulipa siku ile. Alikutana na mwenye nyumba, wakaandikiana: boriti mbili zibadilishwe, tangi lishuke uani, gharama ikatwe kwenye kodi. Chokaa yake tumeizima Jumamosi iliyopita, ipo shimoni uani kwangu. Anahama ikiwa tayari.