Kushuka Loki kwa Boti Nyembamba: Hatua kwa Hatua kwenye Mfereji wa Oxford

Anayeishi ndani ya boti nyembamba kwenye mifereji ya Uingereza husafiri na nyumba yake nzima, pamoja na kitanda, jiko la kuni na tangi la maji ya kunywa. Boti yangu ina urefu wa mita 17 na uzito wa zaidi ya tani 15, na kwa kuwa sina maegesho ya kudumu, sheria ya mwaka 1995 inanitaka, kwa kawaida, nisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kwa hiyo kupita kwenye loki ni sehemu ya maisha yangu ya kila mwezi. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango juu na chini, ambacho hujazwa maji au kupunguzwa ili boti ipande au ishuke kutoka kimo kimoja cha mfereji hadi kingine. Hapa nitaeleza kushuka, kwa sababu ndiko kunakoweza kuzamisha boti kwa dakika chache. Mfereji wa Oxford, ambao mhandisi wake wa kwanza alikuwa James Brindley na ambao ulifika mjini Oxford mwaka 1790, ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwani loki zake zina upana wa mita 2.1 hivi na boti huingia ndani kama upanga kwenye ala.

Hatua ya kwanza ni kusimama mapema. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mferejini ni kilomita 6.4 kwa saa, lakini ukikaribia loki uwe umepunguza hadi mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Mmoja abaki kwenye kana, yaani mpini wa usukani, mwingine ashuke ukingoni akiwa na mkono wa chuma wa kuzungushia vilango vya maji, yaani vizibo vidogo vinavyoruhusu maji kuingia au kutoka kwenye loki. Aliyeshuka atazame upande wa chini: ikiwa kuna boti inayokuja na loki tayari ina maji ya kimo chao, wapite kwanza. Loki moja nyembamba humwaga maji yanayokaribia lita 100,000 au zaidi kila inapotumika, na wakati wa kiangazi maji hayo ni ya thamani.

Hatua ya pili ni kujaza loki mpaka kimo cha boti yako. Hakikisha milango na vilango vya chini vimefungwa, kisha fungua vilango vya juu. Mlango hautafunguka mpaka maji yalingane pande zote mbili. Usiusukume kwa omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, wala kwa nguvu ya injini. Kila unapomaliza kuzungusha, hakikisha kizuizi kimeshika meno ya gurudumu la kilango, kisha utoe mkono wa chuma na ubaki nao. Ukiuacha pale na kizuizi kikaponyoka, chuma hicho kitazunguka kwa kasi inayotosha kuvunja mkono wa mtu.

Hatua ya tatu ndiyo ninayokuomba uisome mara mbili. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza ndani ya loki, nacho hufichwa kabisa na maji loki inapojaa. Boti ikiwa nyuma mno, maji yakishuka tezi, yaani sehemu ya nyuma, hukalia kizingiti huku omo ikiendelea kuteremka, na maji huanza kuingia kwa mbele. Ukutani pana mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinapoishia. Ukishaingia, sogeza boti mbele hadi usukani na rafadha, yaani panga la injini, viwe vimeupita mstari huo kwa nafasi ya kutosha, kisha uishike hapo kwa injini iliyo katika mwendo wa chini, bila kuacha omo ikwame kwenye milango ya chini. Usiifunge boti kwa fundo, kwa sababu kamba iliyofungwa huininginiza maji yanaposhuka. Dapra za ubavuni, yaani mito ya kuzuia boti isigongwe, nazo zivutwe ndani, maana katika loki nyembamba hivi hubana boti ukutani.

Hatua ya nne, funga mlango na vilango vya juu, kisha fungua vilango vya chini nusu tu. Aliye ukingoni amtazame nahodha, si simu wala wapita njia. Kabla ya safari kubalianeni ishara moja ya mkono yenye maana ya "funga sasa", kwa kuwa sauti hupotea katika kelele za maji. Katika mwaka wangu wa kwanza tezi iligusa kizingiti. Nilinyanyua mkono, na mwenzangu akafunga vilango vya chini papo hapo, kisha akafungua vya juu taratibu mpaka boti ikaelea tena. Utaratibu ndio huo, na usibadilishwe: funga chini kwanza, ndipo ujaze kutoka juu.

Maji yakilingana na ya chini, fungua milango, toka polepole, funga milango na uteremshe vilango kwa kuvizungusha, si kwa kuviachia vianguke.

Ukishayazoea hayo kwenye loki fupi, utaweza kushuka loki ya Somerton, ambako kina cha mteremko ni mita 3.6 hivi na kuta zilizolowa hukuinukia pande zote. Loki inayoitangulia, Aynho Weir, ina umbo la pembe zilizotanuka ingawa mteremko wake ni mdogo sana: wajenzi waliipanua ili kila inapomwagwa itoe maji ya kutosha kuihudumia Somerton. Mimi huipita kwa heshima kila mara.

Kaskazini ya Oxford, kati ya loki ya Baker's na ya Shipton Weir, mfereji unaungana na mto Cherwell, na mto una mkondo usiosubiri mtu. Kabla ya kushuka Baker's soma ubao wa kimo cha maji. Ukionyesha kijani, endelea. Ukionyesha nyekundu, funga amari zako, yaani kamba za kuegeshea, upande wa juu wa loki, washa jiko, na ukae hapo mpaka mto ushuke.