Namna ya kusoma maoni ya watu mbele ya kununua kofre ya seri ya superero

Bayaya na wadogo wa Lubumbashi wenye mnapenda maseri ya superero mpaka mnataka kuwa nayo ku nyumba, kwenye disiki, mukiweza kuangalia hata siku intaneti imekwisha, hii nimeandika juu yenu. Kofre ya kweli, yaani sanduku lenye disiki zote za seri, hapa kwetu mara nyingi inatumwa: unamwambia ndugu mwenye iko Ubelgiji aiweke ndani ya valiza, ao unamupa pesa mfanyabiashara mwenye anapitia Kasumbalesa akitoka Afrika Kusini. Ikifika na ubaya, kuirudisha ni ngumu sana, na dola zako zimeshaenda. Njo maana maoni ya wale walioshanunua yanatufaa sisi kuliko mtu wa Bruxelles mwenye anaweza kurudisha kesho yake.

Nyota ziache kwanza. Watu wengi sana wanapima hadithi, hawapimi kile kitu walichonunua. Mtu anapenda Smallville, ile seri ya Superman akiwa kijana, tangu utoto, anatoa nyota tano, hasemi neno hata moja juu ya disiki, mwingine amekasirika juu mwisho wa seri haukumfurahisha anatoa nyota moja, na wote wawili hawajakusaidia kitu. Seri yenyewe unaijua, unaipenda, unachotaka kujua ni kama zile sezo 10 na epizodi 217 ziko zote ndani, zinacheza, na zinasema lugha unayosikia. Mi naanzaka na maoni ya nyota mbili na tatu, pale njo kuko watu wenye wameketi wakaangalia disiki moja moja.

Ona pia mtu ananunua toleo gani. Maduka makubwa ya intaneti yanapenda kurundika maoni ya DVD, ya Blu-ray, ya toleo la Marekani na la Ufaransa, yote pahali pamoja, sasa unasoma "picha ni safi kabisa" na kumbe anaongelea Blu-ray wakati weye unalipa DVD. Chini ya jina la mtu mara nyingi wanaandika toleo, kama halipo basi tafuta ndani ya maneno yake.

Sasa zone, yaani alama yenye inasema disiki inacheza kwenye lekta (mashine ya kuchezesha disiki) za upande gani wa dunia, na hapa tafadhali usipite mbio. Kwa DVD, Congo yetu iko zone 5, Ulaya Magharibi iko zone 2, Marekani na Canada zone 1. Afrika Kusini, hata kama iko bara moja na sisi, kwa DVD iko zone 2. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi, Ulaya na Afrika zote ziko B, Marekani iko A, kwa hiyo Blu-ray ya Ubelgiji na lekta ya hapa zinasikilizana. Disiki za 4K hazina zone, lakini zinadai lekta yake ya 4K, ukiziweka kwenye lekta ya Blu-ray ya kawaida hazitacheza. Lekta za DVD za bei ndogo zenye zinauzwa huku kwetu, kuko mingi zinasoma zone zote, ila usibahatishe: omba disiki ya zone 1 kwa rafiki, ijaribu, njo utume pesa. Ordinatere nayo ukiibadilisha zone inakuhesabia, mara ya tano inafunga pale pale. Kwa hiyo ukisoma mtu analalamika "haichezi kabisa, disiki mbovu", angalia kwanza anaishi wapi na kofre ilitoka wapi, kuko malalamiko mingi sana ya zone yenye yanavaa nguo ya disiki mbovu.

Lalamiko lingine lenye linadanganya watu: "wamekata epizodi, kila moja imepungua dakika mbili." Fungua kalkuleta. Seri ya Marekani yenye ilipigwa kwa filamu inaendaka picha 24 kwa sekunde, DVD ya Ulaya ya PAL, ule mtindo wa televizyo ya kule, inaendaka 25, basi wakati wa kuihamisha mara nyingi wanaiharakisha kidogo, karibu 4 kwa mia. Epizodi ya dakika 44 inakuwa dakika 42 na kitu. Hakuna seni yenye imeondolewa, ni mbio tu, na mwenye sikio zuri atasikia hata muziki umepanda juu kidogo. Lakini mtu akikutajia seni yenyewe, akisema pale fulani anapoingia mlangoni imepotea, huyo mwamini, hiyo ni kukatwa kweli. Na mwenye anasema wimbo umebadilishwa naye mwamini, juu kuko nyimbo zililipiwa haki ya kupita kwa televizyo peke yake, kwenye disiki wakaweka zingine.

Juu ya picha, ujue seri ilitengenezwa namna gani mbele ya kuhukumu. Chukua Batman ya Adam West na Burt Ward, ilipita ABC kutoka 1966 mpaka 1968, epizodi 120. Watu waliingojea kwenye DVD miaka na miaka, juu seri ilikuwa ya 20th Century Fox na Batman mwenyewe ni wa DC, wenye vitabu vya katuni, yaani upande wa Warner, na haki hazikuelewana mpaka 2014 mwezi wa 11 njo kofre ikatoka. Kwa kuwa ilipigwa kwenye filamu ya 35 mm, waliisafisha upya na zile rangi kwenye Blu-ray zinang'aa kabisa, mi naiona ni kati ya kazi nzuri zilizofanyiwa seri ya zamani. Maseri mingi ya miaka ya 80 na 90 hayakupata bahati ile, yalipigwa kwa filamu lakini yakamaliziwa kwenye kaseti ya video, kwa hiyo DVD inaonyesha ukungu ule ule wa kaseti. Mtu akisema picha ya seri ya 1990 iko na ukungu, anasema kweli, lakini kununua kofre ingine ya DVD hakutakusaidia.

Ikisimama kama nusu sekunde katikati ya epizodi halafu ikaendelea, hiyo si ugonjwa. DVD ya 8.5 GB iko na tabaka mbili, lekta inaruka kutoka moja kwenda ingine. Ubaya wa kweli unarudi kwa watu wengi pahali pamoja: watatu wakiandika sezo ya 3, disiki ya 4, inakwama, basi kiwanda kilikosea. Mmoja peke yake, labda ni mikwaruzo, hasa kama kofre ni ile ya mifuko ya karatasi yenye disiki inasuguka kila ukiivuta.

VF, yaani sauti ya Kifaransa, usiichukulie kuwa iko. Kuko kofre sezo mbili za kwanza zinasema Kifaransa na zingine ni sutitri tu, soma maoni ya Wafaransa na Wabelgiji juu ya hilo, wao njo wanaliona haraka.

Kofre ikifika geuza disiki. Kwa DVD, upande wa kusoma ukiwa wa zambarau, imechomwa kwa ordinatere ya mtu. Ya kiwanda mara nyingi inakuwa na rangi ya feza, na kwenye duara ya ndani karibu na tundu ukiinamisha kwa mwanga utaona maandishi madogo sana, IFPI na namba. Jaribu disiki zote, epizodi ya kwanza na ya mwisho ya kila moja, mbele mwenye kukuletea hajarudi safari. Vumbi ya kiangazi ikiingia pangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Kisha andika yako, hata mistari mine. Taja toleo, zone, lekta uliyotumia, VF iko kwenye sezo zipi, na ilikufikia namna gani mpaka Lubumbashi, na kama kuko epizodi haina VF weka namba yake.