Kumfundisha mtoto kontua: anza na udongo na beseni la maji

Walimu na wazazi wa Malindi, watoto wetu wengi alama za ramani wanazijua vizuri tu, msikiti huu hapa, shule ile, barabara ya lami ndio hii, lakini muulize mteremko mkali uko upande gani utaona anakodoa macho. Shida ni kontua, ile mistari ya ramani inayopita sehemu zenye kimo kimoja. Na huku kwetu mjini ardhi ni tambarare, mtoto hana mlima wa kuangalia, kwa hivo karatasi iwekeni kando kwanza.

Chukua beseni pana, finyanga kilima cha udongo ndani yake, upande mmoja uteremke taratibu, wa pili uwe mkali, alafu chimba bonde toka juu mpaka chini. Mimina maji yafike kimo cha sentimita 2, mtoto achore kwa msumari pale maji yalipogusa, azunguke kilima chote. Ongeza sentimita 2 zingine, achore tena, hivo hivo mpaka kileleni. Hapo mwambie kontua ni kama ule mstari wa mwani unaobaki ufuoni maji ya bamvua yakipwa, kote ulikopita kimo ni kimoja.

Sasa mwaga maji polepole, mtoto asimame aangalie kutoka juu, aichore mistari kwenye daftari vile anavyoiona. Hapa usimharakishe kabisa, maana wengi wanadhani mistari ikibanana ni pahali palipo juu, kumbe ni pahali pakali, na kilele chaweza kuwa na mistari iliyoachana kabisa. Aone pia kwenye bonde mstari umejikunja kuelekea juu. Akikosea mrudishe kwenye udongo, usimpe jibu.

Ndio mje kwenye ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Tofauti ya kimo kati ya kontua na kontua isomeni pembezoni mwa ramani yenyewe, msikisie. Namba za gridi, ile miraba iliyochorwa juu ya ramani, anaanza na za mashariki, zile za chini, ndio aje za kaskazini, hii wanaigeuza kila siku. Barabara inayopinda ipimwe kwa uzi: uzi ukitoka sentimita 7, ni kilomita 3.5.

Zoezi ninalolipenda mno ni la mto Sabaki. Funika bahari kwa kitabu, tafuteni kijito kinachoingia Sabaki huko bara, muulize maji yanatoka wapi yanaenda wapi kwa kontua peke yake. Mkunjo unaonyesha yanakotoka, na namba za kontua zinapungua yanakoelekea.

Akishaweza, chagua sehemu mbili, umuulize mtu aliyesimama hii ya kwanza ataiona ya pili ama kilima kimeziba. Ajibu kwanza kwa mdomo aseme na sababu, kisha alaze ukingo wa karatasi kati ya hizo sehemu, aweke alama kila kontua inapokatiza, achore umbo la ardhi kwa vimo hivyo, alafu alaze rula toka sehemu ya kwanza mpaka ya pili ihakikishe: ardhi ikiikata rula, kilima kimeziba.