Kompyuta mpya, printa ile ile: kurudisha uchapaji wa pande mbili

Kompyuta mpya ikishaunganishwa na printa, lalamiko la kwanza ni lile lile: "Mbona inatoa upande mmoja tu?" Ofisini kwetu mimi ndiye ninayeitwa, na jibu langu halibadiliki. Printa ni nzima. Mpangilio wa kuchapa pande mbili hukaa kwenye kompyuta, na kompyuta ya zamani imeondoka nao.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha printa yenyewe ina uwezo wa kugeuza karatasi. Kwenye printa nyingi za HP na Brother, herufi D katika herufi za mwisho za jina la modeli, kama DN au DW, huashiria uwezo huo. Kama haina, ruka hadi chini.

Kwenye Windows 11, fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Bluetooth na vifaa, kisha printa na skana, ubofye jina la printa yako. Hapo kuna vitufe viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. "Printing preferences" ndipo unapochagua namna ya kuchapa: tafuta chaguo la pande mbili, liwashe, hifadhi. "Printer properties" ndipo unapoiambia kompyuta printa ina vifaa gani. Ikiwa chaguo la pande mbili halionekani, au limefifia na halibofyeki, dawa mara nyingi iko huku kwa pili. Fungua kichupo cha mipangilio ya kifaa, tafuta mstari wa kifaa cha kugeuzia karatasi, uweke kwamba kipo ("Installed").

Mstari huo usipokuwepo, mshukiwa wangu wa kwanza ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Windows hupenda kuweka draiva ya jumla inayotosha kuchapa, lakini isiyojua kila kitu cha printa yako. Pakua draiva ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, ondoa printa kwenye orodha, uiongeze upya. Tazama pia aina ya karatasi iliyochaguliwa: ikiwa ni bahasha au lebo, printa nyingi hukataa kugeuza, na zina haki.

Kompyuta ikitumiwa na watu kadhaa, usizunguke akaunti moja moja. Ndani ya "Printer properties", kichupo cha "Advanced" kina kitufe cha "Printing Defaults". Unachoweka hapo ndicho watumiaji wote wataanza nacho. Utahitaji ruhusa za msimamizi.

Sasa swali la ukingo, ambalo ndilo linaloharibu karatasi nyingi kuliko yote. Ukurasa uliosimama wima, kama barua au ripoti, chagua kugeuza kwa ukingo mrefu. Utafunguka kama kitabu. Ukurasa uliolala, unaotaka kuufunua kwenda juu kama kalenda ya ukutani, chagua ukingo mfupi. Ukikuta ukurasa wa pili umepinduka kichwa chini, usihangaike na draiva: badilisha ukingo tu.

Kwenye Mac ni rahisi zaidi. Fungua dirisha la kuchapa, washa pande mbili, kisha hifadhi mpangilio huo kwa jina ili uuchague tena siku nyingine. Kwa wa Linux wenye CUPS, yaani mfumo unaosimamia uchapaji, amri moja inatosha, ukiweka jina la printa yako:

lpoptions -p JINA -o sides=two-sided-long-edge

Ukimaliza, funga programu zilizokuwa wazi na uzifungue tena, maana Word iliyofunguliwa tangu asubuhi inaweza kuendelea na mpangilio wa zamani. Visomaji vya PDF na vivinjari navyo vina visanduku vyao vya pande mbili, na mara nyingine havijali ulichoweka kwenye Windows. Hakiki hapo kabla ya kutuma faili ndefu.

Jaribu kwa hati ya kurasa tatu zenye namba. Zikitoka karatasi mbili, namba 2 ikiwa mgongoni mwa 1 na 3 ikiwa peke yake, umefaulu. Karatasi ikichungulia kisha ikavutwa ndani, usiivute, ndiyo inageuzwa. Printa za wino wa maji huweza kutua kidogo hapo ili upande wa kwanza ukauke.

Printa isiyogeuza yenyewe bado ina njia. Kwenye Word, chagua kuchapa pande mbili kwa mkono: itatoa upande mmoja wa kurasa zote, kisha itakuomba urudishe karatasi kwenye trei. Anza na karatasi moja uliyoitia alama ya penseli juu, uone inavyoingia na inavyotoka. Mwelekeo hutofautiana kati ya printa na printa, kwa hiyo ukishaujua, uandike kwenye kikaratasi ubandike kando ya trei.