Kutoa kisukuku ardhini kwa plasta na gunia

Mwongozo huu ni kwa wenye kibali cha uchimbaji. Asiye nacho apige picha ya mfupa wa kisukuku (mabaki ya kiumbe cha kale), auache ulipo na kutoa taarifa.

1. Rekodi kwanza. Usiuvute mfupa, hata ukiwa umelegea. Umri wa Zinjanthropus, fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai, Tanzania, takriban miaka milioni 1.75, ulipatikana kwa kupima majivu ya volkano ya matabaka yake, si mfupa wenyewe. Mfupa usiojulikana ulitoka tabaka gani umepoteza nusu ya thamani yake. Piga picha ukiweka skeli na mshale wa kaskazini.

2. Safisha kwa brashi laini na kijiti cha mwanzi. Chuma huacha mikwaruzo, na baadaye mtu ataidhania alama za zana za mawe.

3. Imarisha. Yeyusha gramu 5 za Paraloid B-72 (dawa ya kuimarisha mifupa, aina ya gundi) katika mililita 100 za asetoni, kwenye chupa ya kioo. Vikombe vingi vya plastiki huyeyuka. Dondoshea kwenye nyufa mpaka mfupa uache kunywa. Hapa ndipo wengi huharibu. Mfupa wenye unyevu hugeuka mweupe kama umepakwa chokaa, kwa hiyo ukaushe kwanza, tena kivulini. Kwenye jua kali asetoni huruka kabla dawa haijapenya, ikabaki ngozi inayong'aa juu huku ndani mfupa ni unga. Ngozi hiyo ifute kwa asetoni.

4. Chimba kuuzunguka, ukiacha udongo wa sentimita 5 hivi kila upande, mpaka bonge lisimame kama uyoga.

5. Funika kwa karatasi za tishu zilizoloweshwa, tabaka tatu au nne. Ukiziruka, plasta (unga wa jasi unaoganda ukichanganywa na maji) itashika mfupa wenyewe.

6. Piga plasta. Kata gunia vipande vya upana wa sentimita 10, loweka, kamua. Gunia kavu hunyonya maji ya plasta. Mimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, mpaka vilima vidogo vibaki juu bila kuzama. Pandisha tabaka mbili au tatu zikipishana, na ukunje ncha chini ya bonge, la sivyo udongo utamwagika ukiligeuza. Plasta itapata joto. Ikipoa na kukauka, kata shina na ugeuze kwa mkupuo mmoja. Andika namba na kaskazini juu yake.

7. Chekecha udongo wote kwa wavu wa milimita 2. Mwaka 1984 huko Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo tu cha fuvu. Sehemu kubwa ya mifupa ya zamadamu huyo, aitwaye kijana wa Turkana, ilipatikana baadaye, kwa kuchimba na kuchekecha.