Hedi ya lori la propani inapopasuka tena na tena

Hedi ya kwanza, yaani kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya silinda za injini, ikipasuka, fundi anaweza kulaumu chuma. Ikipasuka ya pili kwenye lori lilelile, chanzo bado kimo ndani ya gari, na kufunga ya tatu kabla ya kukitafuta ni kumwongezea mwenye lori hasara. Ninazungumzia hasa malori ya Marekani na Kanada ambayo injini zake za petroli zilibadilishwa ili zitumie gesi ya propani.

Usiitupe hedi iliyopasuka. Isafishe vizuri, kisha utazame ufa umeanzia wapi. Ufa unaopita kati ya siti (mahali valvu inapokalia ikijifunga) za valvu ya kuingiza na ya eksosi ni alama ya joto kali. Ukijirudia kwenye silinda ileile, shuku kwamba maji hayafiki hapo: huenda kutu imeziba njia, au gasketi ilifungwa kinyume na kufunika matundu.

Binafsi huanza na maji, kwa sababu ndiko nilikokuta makosa mengi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri za Selsiasi, na vepolaiza, yaani kifaa kinachoigeuza kutoka kimiminika kuwa gesi, huchota joto kwenye maji ya injini. Injini ikishapata moto, vaa glavu na ushike mipira miwili ya maji ya kifaa hicho. Yote iwe ya moto. Ukiona barafu nyeupe imeganda juu ya vepolaiza, maji hayazunguki: yamepungua, au kuna hewa iliyokwama. Usiiamini geji wakati huo, kwani sensa iliyozungukwa na mvuke badala ya maji inaweza kusoma chini ya joto halisi. Vepolaiza iliyofungwa juu kuliko rejeta ishushwe.

Petroli hupoza hewa inayoingia inapogeuka mvuke. Propani huingia ikiwa tayari ni gesi, hivyo haitoi nafuu hiyo. Ziba basi njia ya moshi inayopasha moto manifoldi ya kuingizia, yaani bomba linalogawa hewa na gesi kwa silinda, na uondoe bomba linalovuta hewa ya moto kutoka kwenye eksosi. Pima mchanganyiko wa gesi na hewa lori likipanda mlima na mzigo, kwa sababu filta ya gesi iliyoziba haijulikani injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila mzigo. Kagua taiming pia: cheche inayochelewa huunguza valvu za eksosi.

Unapofunga hedi mpya, kaza boliti kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kiwanda, kisha jaza maji polepole hita ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe.