Kagua ringi kabla ya kumwaga zege la nguzo

Majibu ya vipande vya zege vilivyopondwa siku ya 28 yakirudi mazuri, wengi hupumua. Mimi bado. Kipimo kile kinabana zege polepole, mara moja, basi. Tetemeko huyumbisha ghorofa huku na huku: upande uleule wa nguzo hubanwa, huvutwa, hubanwa tena. Kwa kuvutwa, zege lina takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kubanwa. Nondo ndizo hubeba mvuto huo, na ringi, vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo hizo, ndizo huzuia nondo zisibenuke na zege la ndani lisimwagike. Kwa hiyo anza na ringi.

Tazama mikia yake, yaani ncha zilizokunjwa. Ikikunjwa nyuzi 90, kataa. Zege la nje likibanduka, na litabanduka, mkia huo hauna kitu cha kuushika, ringi inafunguka. Nataka nyuzi 135, mkia uzame ndani ya kiini, zege lililozungukwa na ringi, usipungue milimita 75 kwa ringi ya milimita 10. Fundi nondo atakwambia mikia hiyo inanasa vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishindiliwe. Ni kweli, inasumbua. Tafuta vaibreta nyembamba na kokoto ndogo, mkia ubaki.

Mwaka 1971, tetemeko la San Fernando, California, liliikuta hospitali ya Olive View ikiwa mpya kabisa. Nguzo za kona, zenye ringi zilizoachana mno, zilisagika. Zile zilizozungushiwa nondo mfululizo kama springi zilipukutika zege la nje, zikainama, lakini ziliendelea kubeba jengo.

Sasa pima nafasi. Nguzo ya milimita 500 kwa 500 yenye nondo za milimita 20: robo ya upana ni 125, mara sita ya unene wa nondo ni 120. Chukua ndogo, mimi hufunga kila 100. Mchoro ukidai chini ya hapo, fuata mchoro. Ubanaji huo wa ringi ni wa miisho ya nguzo, juu na chini, walau milimita 500 kwa nguzo ya mita 3. Maungio ya nondo yakae katikati.

Mwisho, ingiza mkono pale boriti inapokutana na nguzo. Nondo zimesongamana, na ndipo mafundi huruka ringi. Usipoigusa ringi hapo, zege lisimwagwe, hata kama gari limeshafika.